RANGI SI JINA: NILIVYOJIFUNZA KUMPAKA BABU RANGI

Nikikuuliza majani ya chai yana rangi gani, utanijibu mbio mbio, "Kijani!" Nikikuuliza Mlima Kenya una rangi gani, utasema nyeupe juu na buluu chini. Na nikikuuliza mimi na wewe tuna rangi gani, utacheka useme, "Kwani wewe hujioni? Sisi ni watu weusi." Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo hivyo hadi nilipokuwa kidato cha pili. Majibu hayo ndiyo yaliyonitoa machozi. Katika makala haya nataka nikueleze niliyojifunza kuhusu kuchanganya rangi na kuzipaka, ili wewe unayechora pembeni mwa daftari usipotee pale nilipopotea mimi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; mimi nilizunguka sana, nikarudi nyumbani.

PICHA YA KIPANDE

Kwetu ni upande wa Nkubu, kando ya ile barabara kuu itokayo Meru mjini kwenda Chuka na Embu. Babu yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Aliacha picha moja tu, nayo ni ile ndogo aliyopigwa ya kitambulisho, isiyo na rangi, na pembeni imegongwa mhuri. Nyanya huiweka ndani ya Biblia. Siku moja aliitoa akaona upande mmoja wa uso umeanza kufifia kama umeingia ukungu. Akaniita.

"Mjukuu wangu, wewe unayejua kuchora, nichoree mzee kabla hajaniponyoka mara ya pili."

Nilifurahi mno. Nilichora miraba midogo juu ya karatasi inayopitisha mwanga, nikailaza juu ya picha, kisha nikachora miraba mikubwa kwenye karatasi yangu na kuhamisha mraba mmoja mmoja. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa sawia. Hata mama alisema pua ni ya babu kabisa. Kisha nikachukua rangi za maji nilizokuwa nimenunua kwa pesa za kuchuma kahawa: kahawia, nyeusi na nyeupe. Uso nikaupaka kahawia, vivuli nikavipaka nyeusi tititi, macho na meno nikayapaka nyeupe pe. Nikaenda kwa nyanya mbio kama mshindi.

Nyanya aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni babu, nyanya."

"La, huyu si mzee wangu. Huyu ni kama gogo lililotolewa motoni." Akanirudishia picha yangu polepole, akachukua ile ndogo, akairudisha kwenye Biblia.

Hakunigombeza, lakini afadhali angenigombeza. Niliificha ile karatasi chini ya kitanda na kwa wiki nzima sikushika brashi.

FUNDI WA MABANGO

Shule yetu ni ya kutwa na haina somo la Sanaa. Hata hivyo, sokoni Nkubu kuna fundi mmoja anayeandika majina ya maduka, kuchora ng'ombe kwenye bucha na vichwa vya watu kwenye vibanda vya vinyozi. Kila jioni nikitoka shule nilikuwa nikisimama kumtazama. Siku moja nilipiga moyo konde nikamwomba anifundishe. Akanitazama juu chini. "Msichana na rangi ya mafuta? Utaharibu sare na mama yako atakuja hapa kunililia." Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba kila Jumamosi nimwoshee brashi kwa tapentaini.

Nilimwonyesha picha yangu ya babu. Hakucheka. Alinishika mkono akauweka kando ya tairi kuukuu la gari.

"Sasa angalia. Mkono wako na hili tairi ni rangi moja?"

Nikaangalia. Lo! Tairi lilikuwa jeusi. Mkono wangu ulikuwa na wekundu, ulikuwa na unjano, na pale juu kwenye kiwiko kulikuwa na kitu kama samawati, kwa sababu ngozi ilikuwa iking'aa na juu yetu kulikuwa na mbingu.

"Wewe hukumpaka babu yako," fundi akasema. "Ulipaka jina. Uliambiwa mtu mweusi, ukachukua mkebe wa nyeusi."

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Yashike.

MIKEBE MITATU

Kwa mwezi mzima fundi alininyima mkebe wa nyeusi. Alinipa mitatu tu: nyekundu, njano na buluu, pamoja na nyeupe kidogo. Alisema hizo tatu ndizo mama wa nyingine. Nyekundu na njano huzaa rangi ya chungwa. Njano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na buluu huzaa zambarau. Na zote tatu zikikutana huzaa kahawia za kila namna, kutegemea ni ipi iliyozidi. Lakini si rahisi jinsi inavyosomeka, na haya ndiyo makosa niliyoyafanya.

Kosa la kwanza, nilitaka kijani chepesi, nikamwaga njano ndani ya buluu. Nikaongeza njano, nikaongeza tena, kibati kikajaa na bado rangi ilikuwa nzito. Njano ni dhaifu. Chukua njano kwanza, kisha tia buluu tone kwa tone. Kanuni ni hii: rangi nzito huingizwa ndani ya rangi nyepesi, si kinyume chake.

Kosa la pili, nilichanganya nyekundu na buluu nikitarajia zambarau safi, nikapata matope. Fundi alinieleza kwamba nyekundu yangu ilikuwa ile inayoelekea chungwa, maana yake ndani yake tayari mlikuwa na njano. Basi nilikuwa nimechanganya tatu bila kujua. Ukitaka zambarau nzuri, tafuta nyekundu inayoelekea waridi.

Kosa la tatu, kila nilipotaka kivuli nilikuwa natamani nyeusi. Ukitia nyeusi kwenye njano, hupati njano yenye kivuli; unapata kijani kilichochafuka. Ukitia nyeusi kwenye nyekundu, nyekundu inakufa. Badala yake, fundi alinifundisha kutumia rangi mpinzani. Mpinzani wa nyekundu ni kijani, wa buluu ni chungwa, na wa njano ni zambarau. Tone la mpinzani huizimisha rangi bila kuiua.

Mwaka huu katika Fizikia tumesoma kupinda kwa mwanga, na hapo nikaelewa sababu. Isaac Newton wa Uingereza, ambaye kitabu chake kuhusu mwanga kilichapishwa mwaka 1704, alionyesha kwamba mwanga mweupe wa jua una rangi zote za upinde wa mvua ndani yake. Kitu kikipigwa na mwanga huo humeza baadhi ya rangi na kuzirudisha nyingine machoni petu. Jani la chai humeza sehemu kubwa ya nyekundu na ya buluu, likaturudishia kijani. Rangi za mkebe hufanya vivyo hivyo: kila moja humeza fungu lake. Ukizichanganya nyingi, kila moja inameza, na kinachorudi ni kidogo. Ndiyo maana mchanganyiko wa rangi nyingi huwa mzito na wa matope. Kwa hivyo msomaji, ukiona rangi yako imekuwa matope, usiongeze nyingine ukidhani itaponya. Osha kibati, anza upya.

KILA RANGI NA JIRANI YAKE

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba rangi moja inaweza kuonekana rangi mbili. Fundi alikuwa ameandika bango la duka kwa nyekundu juu ya kijani, na herufi zilikuwa kama zinacheza machoni. Herufi zile zile juu ya kahawia zikatulia, tena zikaonekana zimefifia kidogo. Nyekundu ilikuwa ya mkebe mmoja!

Mwalimu wetu wa Kemia alinieleza kwamba mtu wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alilichunguza jambo hili zamani. Alikuwa mwanakemia na msimamizi wa kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi si nyeusi ya kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba nyuzi zenyewe hazikuwa na kasoro; rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozifanya zionekane hafifu. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chukua kipande cha karatasi nyekundu, kikodolee macho huku ukihesabu hadi thelathini. Kisha hamisha macho ghafla kwenye karatasi nyeupe. Utaona kivuli cha kijani kinachoelekea samawati ambacho hakipo! Jicho likichoka na nyekundu, humwita mpinzani wake. Basi usiamue kuwa rangi ni mbaya kabla hujaitazama ikiwa pamoja na majirani zake.

MLIMA NA MABONDE

Somo jingine nililipata bila fundi, nikitembea kwenda shule. Ukisimama kwetu ukatazama mashariki, nchi inateremka hadi Tharaka. Migomba iliyo karibu ni kijani chenye unjano. Vilima vya mbele yake ni kijani kilichopoa. Vile vya mbali kabisa ni buluu, na vya mwisho ni kama moshi. Lakini vilima vile vina miti na udongo kama hapa! Kinachovibadilisha ni hewa iliyo kati yetu na vyenyewe, ambayo hutawanya mwanga wa buluu kuliko wa nyekundu, kama inavyofanya angani. Kwa hivyo ukitaka mlima wako uende mbali, upunguze ukali na uutie buluu na nyeupe. Ukiupaka kijani cha mkebe, utasogea mbele na kukaa juu ya paa la nyumba.

Na huo Mlima Kenya wetu wenye urefu wa mita 5,199, sisi tulio upande wake wa mashariki tunauona ukipigwa na jua asubuhi. Kukipambazuka bila mawingu, ile theluji si nyeupe hata kidogo. Ni waridi, na vivuli vyake ni samawati. Jioni jua linazama nyuma yake na mlima wote unakuwa zambarau iliyokolea. Sasa niambie, mlima una rangi gani?

WALIOTUTANGULIA

Nilidhani mtu asiyesomea Sanaa hawezi kufika mbali, mpaka niliposoma habari za Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Alitoka kusini, sehemu za Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vibao, akitumia rangi ya mafuta ya mikebe, ile inayong'aa ambayo watu walipakia baiskeli. Ni ndugu wa rangi ile ile ya fundi wangu wa Nkubu! Aliaga dunia mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Tazama picha hizo uone jinsi rangi kali zinavyowekwa kando kando bila kugombana. Huyo alijua ujirani wa rangi.

Na karibu nasi zaidi, kule Murang'a, kuna kanisa kuu la St James. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora kutani mle michoro mitano ya maisha ya Yesu. Watu wa michoro hiyo ni Waafrika, na milima ya nyuma yao ni milima ya huku kwetu. Nilipoelezwa habari hizo nilijiambia, kumbe swali la ngozi ya Mwafrika lilishaulizwa na wakubwa kabla yangu, nao walilijibu kwa brashi.

KISWAHILI NACHO KINASEMAJE?

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, hebu tuigeukie lugha. Je, umewahi kujiuliza kwa nini twasema gari jekundu, gari jeusi, gari jeupe, lakini hatusemi gari "jekijani"? Ni kwa sababu vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Hata tanakali tunazokariri darasani ni za hizo tatu: nyeusi tititi, nyeupe pe, nyekundu ndi. Jambo hili si aibu. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu walicholinganisha lugha nyingi, wakasema kwamba lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi ya rangi, basi huwa ni ya weusi, weupe na wekundu.

Rangi zilizobaki Kiswahili kimezitaja vipi? Kwa vitu vyenyewe! Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni ile bizari ya kutia kwenye pilau. Chungwa, zambarau na waridi unazijua: mbili ni matunda na moja ni ua. Mimi naona lugha yetu inamfundisha mchoraji pale pale. Ni kama inamwambia, "Usikae na jina. Nenda ukaangalie jani, nenda ukaangalie jivu." Na majivu ya mkaa si sawa na majivu ya kuni.

UDONGO WA MIBUNI

Baada ya miezi minane nilirudi kwa nyanya. Safari hii sikuanza kupaka. Nilimwuliza, "Nyanya, babu alikuwa na rangi gani?"

Akafikiri. "Mzee alikuwa na rangi ya ule udongo wa kwenye mibuni, mvua ikishakatika."

Nilitoka nikaenda kuutazama udongo huo, tena baada ya mvua. Kisha nikaona, kwani kwa nini niuige, nami ninao? Nikauchukua, nikaukausha, nikauponda, nikaupepeta kwa kitambaa cha soksi kuukuu mpaka ukawa laini kama unga. Nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo ndani ya mkebe wa Kimbo. Kumbe rangi yoyote ni vitu viwili: unga wenye rangi, na kitu cha kuushikilia. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu una chuma iliyoshika kutu, na wekundu huo haupauki upesi juani. Wewe usiye na pesa za rangi, unatembea juu yake kila siku.

Udongo ule ndio uliokuwa ngozi ya babu. Mashavuni nikautia njano. Chini ya kidevu na kando ya pua nikautia buluu kidogo, si nyeusi. Kwenye paji la uso nikaweka samawati hafifu ya mbingu. Macho hayakuwa meupe pe. Nilitia unjano na ukijivu, kama ya mzee. Koti lake, kwa kuwa picha haikunionyesha rangi, nililipaka kijivu.

Nilimpelekea nyanya jioni. Akaibeba mpaka dirishani. Akanyamaza, na moyo wangu ukadunda du! du! du! Kisha akasema kwa ukali, "Koti hili si lake."

"Lilikuwa la rangi gani, nyanya?"

"Damu ya mzee. Alilinunua Embu tulipokwenda kwenye arusi ya dada yake." Akaitazama tena. "Mrekebishie koti. Hawezi kukaa hapa ukutani na koti la mtu mwingine."

Uso hakuutaja hata kidogo. Nilirudi chumbani nikachanganya nyekundu na tone la kijani, na ninakiri kwamba nilikuwa nikilia na kucheka kwa wakati mmoja.

ZOEZI

Wanachama wenzangu, jaribuni haya likizoni:

1. Changanya kahawia tano tofauti kwa kutumia nyekundu, njano na buluu pekee. Usiguse nyeusi.
2. Weka mkono wako kando ya mkono wa rafiki yako, kisha kando ya tairi, kisha kando ya karatasi nyeupe. Andika kila rangi unayoiona bila kutumia neno "nyeusi".
3. Pepeta udongo wa kwenu, uchanganye na gundi, upake kwenye kadibodi. Ukikauka, uulinganishe na wa mwenzako anayetoka sehemu nyingine.
4. Kabla ya kupaka rangi yoyote kwenye picha yako, ijaribu kwenye karatasi ya kando uisubiri ikauke, kwa maana rangi mbichi na rangi kavu hazifanani.

Picha ya babu sasa iko ukutani sebuleni, na koti ni damu ya mzee. Ukipita kwetu, karibu uione, lakini ukiulizwa na nyanya ina rangi gani, tafadhali usijibu haraka.